Jina la Chini Kabisa

“Cheamani, mbona jerikeni yako huwa ya mwisho kila siku?”

Nilimuuliza hivyo mwaka 2012, nikiwa na miaka tisa, nimesimama pekupeku kwenye tope la uani kwetu, mtaa wa Hai Cinema, Juba. Lori la maji lilikuwa limeingia kinyumenyume mpaka langoni, mpira umefunguliwa, na kina mama wanasukumana kwa viwiko na vicheko. Yeye alikuwa amekaa juu ya tofali kando ya foleni, miguu ameinyoosha, kama mtu anayengoja mechi ianze. Jerikeni yake ya njano ilikuwa mkiani kabisa.

Alinitazama akacheka kwa pua. “Daphine, wewe utakuja kuwa polisi. Nenda kasome. Ukikua nitakuambia.”

Nikaenda, lakini swali nikabaki nalo. Mama yangu, Resty, anasema nilianza kuuliza kabla sijaota meno, na kwamba huko Busia nyanya yangu alikuwa ananipa muwa ili mdomo upate kazi nyingine.

Cheamani jina lake hasa ni Semei. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Bendera mpya ya Sudan Kusini ilipopandishwa mwaka 2011, ilikuwa kama kila mtu Juba ameamka siku hiyo hiyo akitaka geti la chuma, na Semei alikuwa ametoka Masaka na mashine yake ya kuchomelea, jenereta, na miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka. Macho yake yalikuwa mekundu wiki nzima, Jumapili tu wekundu ulipungua kidogo. Uani kwetu kulikuwa na vyumba kumi na vinne vya mabati, na wapangaji karibu wote walitoka Uganda: huyu anauza posho, yaani ugali, na maharage soko la Konyo Konyo kama mama yangu, yule anaendesha boda boda, mwingine ananyoa nywele. Kwa kuwa mmoja ni Mganda, mwingine Mlugbara, mwingine Msamia, tulielewana kwa Kiswahili cha kuokoteza. Mwenye nyumba alikuwa Mama Poni, wa kabila la Wakuku wa Kajo Keji, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Adjumani, Uganda, akarudi nchini kwao na Kiganda kingi kuliko cha baadhi yetu.

Semei alichaguliwa kuwa mwenyekiti wetu baada ya vijana watatu wa uani kushikiliwa kwa kukosa vibali. Alikwenda kituo cha polisi asubuhi, akakaa kwenye benchi bila kula mpaka jua likazama, akarudi nao wote watatu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina lake. Akawa Cheamani, yaani mwenyekiti kwa Kiingereza chetu.

Naye akaweka desturi zake. Cheamani huchota maji mwisho. Kukiwa na sherehe, Cheamani hula mwisho, na akikuta sufuria imebaki ukoko anaukwangua hadharani akisema ndiyo sehemu tamu. Choo kikijaa, Cheamani hushika koleo kwanza. Mama yangu alipoanguka kwa malaria wakati wa mvua, na boda boda zote zikakataa kuingia kwenye tope lile, Semei alimbeba mgongoni hadi kliniki, matope yakimfika magotini. Hilo nililiona kwa macho yangu, na sitaki mtu asome haya yanayofuata akadhani alikuwa mtu mbaya. Mama yangu yu hai.

Watu walipomsifu aliweka mkono kifuani na kusema, “Mimi ni mtumishi tu.” Ule mkono niliupenda sana. Niliuiga mbele ya kioo cha mama mpaka nikaupata barabara.

Mkewe, Josline, alikuja Juba mwishoni mwa mwaka 2012. Alikaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, akauza karibu na meza ya mama Konyo Konyo. Siku ambazo lori la maji lilikauka kabla ya kufikia jerikeni yao, na zilikuwa nyingi, alioga kwa kikombe. Sikuwahi kumsikia akigomba. Mara moja tu, akichambua maharage na mama, alisema bila kuinua kichwa, “Resty, mimi niliolewa na Cheamani. Semei mwenyewe bado sijamwona.” Mama akacheka. Mimi nikauliza, “Kwani wako wawili, Anti?” nikafukuzwa.

Risasi zilianza Jumapili moja ya Desemba mwaka 2013. Tulilala sakafuni siku tatu, magodoro tumeyaegemeza mlangoni, tukila posho kavu. Watu waliouana hawakuwa sisi, na sababu zao hatukuzijua vizuri, lakini risasi haiulizi mtu kibali. Siku ya nne habari ikafika kwamba wafanyabiashara wa Konyo Konyo wamepata mabasi ya kutupeleka Nimule, mpakani mwa Uganda. Kila mtaa ulete orodha ya majina. Sisi tungepata basi moja, na walioleta habari walisema lina viti sitini.

Semei akaja kuniomba daftari langu la hisabati, akachana karatasi za katikati, akakaa mlangoni pake kuandika. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake nikisoma kila jina linavyoshuka. Kwanza kina mama wenye watoto wachanga. Kisha watoto kama mimi na mama zao. Mimi nilikuwa wa thelathini na mbili. Halafu wazee, halafu wanaume wenye familia. Chini yao akaandika makapera tisa, vijana wenye mabega kama milango. Huyo wa kwanza wao, namba arobaini na tisa, alikuwa Edrine, mwendesha boda boda aliyekuwa na utani wa kila mtu. Makapera walipoisha, nikadhani amemaliza. Akalamba ncha ya kalamu, akaandika namba hamsini na nane: Josline.

Josline alikuwa na mimba ya miezi minane.

“Cheamani, umemsahau Anti huko juu,” nikasema.

“Sijasahau.”

Mama Poni, ambaye hakuwa na haja ya basi kwa kuwa pale ni kwao, alikuwa akipita na beseni. Akanyoosha shingo, akasoma, akaweka beseni chini.

“Semei. Wewe iko na akili kweli? Hii mwanamke tumbo yake imefika hapa, wewe unaandika yeye nyuma ya Edrine?”

“Mama Poni, usinionee,” Edrine akaitikia kutoka chumbani kwake. “Hata mimi nina tumbo, tangu jana nimekula posho tupu.”

“Nyamaza wewe, mafi akili, akili hakuna!” Mama Poni akamrudia Semei. “Andika yeye juu. Watu wote watakubali. Nani atakataa?”

“Hakuna atakayekataa mbele yangu,” Semei akajibu kwa upole. “Lakini kesho watasema, tazama, mambo yalipokuwa magumu Cheamani alianza na mke wake. Kiongozi lazima aonyeshe mfano, mama.”

“Mfano ni wewe. Yeye ni mtu.”

Josline alikuwa mlangoni akikunja nguo ndogo za mtoto ambaye hajazaliwa. Akauliza kwa Kiganda cha heshima, “Ssebo, mimi ni wa ngapi?”

“Utaingia. Basi lina viti sitini.”

“Nimeuliza wa ngapi.”

“Wa mwisho,” Semei akasema. “Mimi mwenyewe sijajiandika kabisa. Nitabaki kulinda milango ya watu.”

Josline akarudia kukunja nguo. Makapera wakaendelea kufunga mabegi yao. Wangeweza kusema neno, hata mmoja. Nami ningeweza kusema tena, maana kuuliza sikuwahi kuogopa, lakini nilikuwa naangalia ule mkono wa Semei, ambao alikuwa ameuweka kifuani, na nikajiambia kwamba nikikua nitakuwa kama yeye.

Basi lilifika siku ya pili, saa nne asubuhi. Lilikuwa fupi. Viti vyake vilikuwa arobaini na tisa.

Dereva alisema habebi mtu wa kusimama, njia ina vizuizi vingi, na hana muda wa kubishana na mtu yeyote. Semei akasimama mlangoni mwa basi na karatasi yangu ya hisabati, akaita majina. Tukaingia. Mimi nilipata kiti changu peke yangu, dirishani, mama pembeni. Edrine akaingia wa mwisho, akakaa nyuma yetu, akashusha pumzi kama gurudumu lililotobolewa.

Nje walibaki makapera wanane, na Josline akiwa na mfuko wa nguo za mtoto.

Mama Poni ndiye aliyepaza sauti. “Watoto wapakatwe! Daphine apakatwe na mama yake, Josline aingie! Yala, haraka!”

Nilisimama. Naapa nilisimama. Mama alishafungua mikono ili nikae mapajani. Nyuma yetu Edrine aliinua tako moja na kuuliza, “Cheamani, niteremke?” huku tako la pili likiwa bado limekaa. Basi zima lilikuwa linamtazama Semei pale mlangoni.

Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kiti cha nyuma, “Hapana. Mtoto akae kwenye kiti chake. Edrine, kaa. Mimi siwezi kumtoa mtu yeyote ili niweke mke wangu. Josline atasubiri gari lingine.”

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Halafu wengine. Halafu basi zima, na bibi mmoja akapiga kigelegele na kusema Mungu ambariki mtumishi wake. Nami nikakaa, nikapiga makofi. Sijui mpaka leo kama nilimpigia yeye au nilikipigia kiti changu.

Nikatazama dirishani. Semei aliweka mkono kifuani, na akatabasamu kidogo tu, akiwa ameinamisha kichwa ili asionekane. Lakini mimi nilikuwa juu dirishani, nikamwona. Josline hakulia. Aliuhamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda ule, akaanza kurudi nyumbani kabla basi halijaondoka.

Gari lingine lilipatikana baada ya siku tatu, lori lililobeba kreti tupu za soda. Josline alipanda juu ya kreti pamoja na wanawake wawili wafanyabiashara na wale makapera. Semei alimsindikiza mpaka daraja la mto Nile, akarudi kulinda milango yetu. Barabara ilikuwa mbovu. Karibu na Pageri, kabla ya kufika mpakani, uchungu ukamshika Josline. Wale wanawake wawili hawakuwahi kuzalisha mtu. Walifanya walivyoweza chini ya turubai, pembeni mwa barabara, mtoto akakwama bega, wakamvuta. Alitoka hai, akalia. Lakini mkono wa kushoto ulitoka umelegea, umegeuka kiganja nyuma, na haukuwahi kuinuka. Wakamwita Douglas.

Sisi tulikuwa Busia wakati huo, tunakula krismasi kwa nyanya. Mama alipoambiwa kwa simu alitoka nje akakaa nyuma ya jiko. Nikamfuata kumuuliza kuna nini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu, baada ya kujibiwa, nikatamani nisingeuliza.

Tulirudi Juba mwezi wa tatu mwaka 2014. Vyumba vyote kumi na vinne tulivikuta salama, kufuli kwa kufuli. Semei alikuwa amekonda. Watu walimbeba juujuu. Ikaamuliwa kwamba Jumapili ya Pasaka, kwenye kanisa letu la mabati, ashukuriwe mbele ya wote, na wakachangishana wakampelekea Josline nauli ili naye awepo. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Alikuwa kwao Masaka tangu ile safari, na alikuwa hajaongea na mumewe ila kupitia kwa mama yangu.

Alikuja. Alikaa safu ya mbele na mtoto wa miezi minne aliyefunikwa shuka. Kiongozi wa ibada akamwita Semei mbele, akasimulia habari ya basi, jinsi alivyomweka mkewe nyuma ya watu wote. Makofi yakaanza tena, yale yale. Kisha wakamwita mke wa mtumishi aseme neno.

Josline akasimama. Akamfunua mtoto. Akashika ule mkono wa kushoto kwa vidole viwili, akauinua juu, akauachia. Ukaanguka kama kitambaa. Akauinua tena, akauachia tena.

“Mlipokuwa mnapiga makofi kwenye basi,” akasema, sauti haikuwa kubwa, “mlikuwa mnapigia huu. Endeleeni.”

Hakuna aliyeendelea. Nilikuwa safu ya nne na viganja vyangu vilikuwa bado vimekutana, sikujua niviweke wapi. Nilivikalia.

Josline akageuka akamtazama mumewe. “Ssebo, mimi sikukukatalia kuwahudumia watu. Ungeacha kula, ungeacha kulala, ni vyako. Mimi na mtoto huyu ulitutoa sadaka bila kutuuliza. Sifa ukachukua wewe.”

Akatoka. Mama Poni, ambaye alikuwa amekuja tu kwa sababu ya chakula cha baadaye, alimfuata nje, akampeleka stendi mwenyewe. Semei alibaki amesimama pale mbele. Mkono wake ulipanda mpaka karibu na kifua, halafu akaushusha, akautia mfukoni.

Wiki ile ile akarudisha daftari la uenyekiti. Watu walimbembeleza kwa maneno ya juu juu, kisha wakamchagua Edrine, ambaye alisema anafuata nyayo. Na kweli alifuata: jerikeni ya Edrine ikawa mkiani. Semei akawa mpangaji kama wengine. Foleni ya maji ikimfikia wa tatu, anachota wa tatu, watu wakinong'ona. Kwenye sherehe alikula sahani yake akaenda kulala. Siku moja mlango wa choo, uliokuwa umening'inia mwezi mzima, ukakutwa umechomelewa bawaba mpya, na uani wote wakamshukuru Edrine, naye hakukataa. Mimi nilikuwa nimerudi mapema kutoka shule nikiwa na homa, nilimwona Semei akiufunga. Nikamwambia, “Niwaambie ni wewe?” Akasema, “Ukiwaambia nitaung'oa.” Nilidhani anatania. Macho yake hayakuwa ya utani.

Kila mwezi alimpigia Josline simu. Kila mwezi ilikatwa.

Ikaja Julai 2016. Nchi ilikuwa inatimiza miaka mitano, na badala ya ngoma tukasikia mizinga, siku nne mfululizo, kubwa kuliko za mara ya kwanza. Ilipotulia, mabasi yakatafutwa tena. Safari hii mtaa wetu ulipewa mawili. Edrine akakaa mlangoni na daftari.

Asubuhi hiyo Semei alikuwa chumbani kwetu akimsaidia mama kufunga mizigo. Simu yake ikalia. Masikio yake yalikuwa yameharibika kwa jenereta, hivyo husikiliza kwa spika, na chumba chetu ni kidogo. Hatukuwa na pa kukimbilia.

“Taata Douglas,” ilikuwa sauti ya Josline. Semei akakaa chini pale pale alipokuwa. “Nasikia kuna mabasi. Uko wa ngapi?”

“Josline. Mko salama? Mtoto...”

“Wa ngapi?”

“Sijaandikwa. Nilifikiri nibaki na milango ya...”

“Sikiliza. Mtoto ana miaka miwili na nusu. Anauliza baba ni nini. Sikuahidi chochote. Lakini ukibaki huko tena watu wakusifu, usinitafute, hata nikifa usije kuzika. Nenda ukajiandike kama mtu.”

Akakata. Mama akajifanya anatafuta kamba. Semei akainuka akatoka, nami nikamfuata, maana hata aibu haijaniponya kufuata watu.

Uani walikuwa wamejaa. Edrine alimwona akatabasamu. “Cheamani mzee! Nikuweke wa mwisho, au nisikuweke kabisa kama zamani?”

“Umeandika wajawazito?”

“Wawili, wako juu.”

“Wagonjwa? Wenye watoto?”

“Wote wako juu, bwana, kila familia namba moja. Mimi nimefundishwa na wewe.”

“Basi niandike mimi. Namba iliyo wazi.”

Edrine akaangalia daftari. “Iliyo wazi ni kumi na tisa.”

“Hiyo.”

Mwanamume mmoja akapiga mluzi. “Banange! Kumi na tisa! Kumbe unyenyekevu nao huisha muda kama dawa?”

“Vita ya kwanza alibakiza mke, vita ya pili anatubakiza sisi!”

“Semei, na tofali lako la foleni tukufungie ubebe?”

Walicheka, cheko la watu waliolala na hofu siku nne. Ningependa kuandika kwamba nilimtetea. Nilijua habari ya simu, nilijua habari ya mlango wa choo. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na mdomo wangu unaojulikana mtaa mzima, nikaufunga, kwa sababu wasichana wenzangu walikuwa wanacheka na niliogopa wangenigeukia mimi. Semei hakujieleza. Sentensi moja tu ingetosha: mke wangu ameniita. Hakuisema. Alisimama pale mpaka Edrine akamaliza kuandika jina lake, akasema asante, akarudi kumfungia mama mizigo.

Kwenye basi nilikaa naye kiti kimoja, mimi dirishani. Mabasi yote mawili yalijaa, wakabaki vijana wanne wa kungoja msafara wa kesho yake, na Edrine akiwa mmoja wao. Akasimama mlangoni, akaweka mkono kifuani. Ule ule mkono. “Nendeni salama,” akasema. “Mimi nitabaki. Kiongozi ni mtumishi.”

Makofi yakalipuka. Mtu nyuma yetu akasema kwa sauti ili asikike, “Huyo ndiye kiongozi, si hawa wa kumi na tisa.” Semei alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi niliweka mikono yangu chini ya mapaja, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sikujali nani ananiangalia.

Basi likaondoka. Tulipofika darajani likasimama kwenye foleni ya magari, mto upo chini yetu, na ndani watu wakaanza kusali kwa sauti. Nilimwambia Semei kwamba siku ile ya kwanza nilipiga makofi. Kwamba nilikuwa nimesimama tayari kumpisha Anti Josline, nikakaa, nikapiga makofi. Ilitoka yote kwa mpigo, pamoja na makamasi.

“Ulikuwa mtoto,” akasema. “Mimi ndiye niliyekukalisha.”

“Nilikuona ukitabasamu.”

Akageuza uso kama mtu aliyemwagiwa cheche. Hakuwa amejua, miaka yote hiyo, kwamba yuko mtu aliyeliona tabasamu lile. Magari hayasogei. Nikaona nimeshaharibu, basi acha niharibu lote, nikamuuliza tena kile nilichomuuliza nikiwa na miaka tisa: mbona jerikeni yake ilikuwa ya mwisho kila siku?

Alifikicha macho yake mekundu kwa mkono wa shati. Nilidhani ataniambia nikasome.

“Haikuwa kila siku,” Semei akasema. “Lori likija nyinyi mko shule na mama zenu wako sokoni, nilikuwa nachota wa kwanza.”